Nimeitwa Chiromo kusoma fizikia. Miaka minne hii niipange vipi?

KijanaWaUmoja

Shikamooni wakubwa. Rika langu, niaje.

Nilifanya KCSE mwaka jana nikapata B+. Fizikia A-, hisabati B+, kemia B. Chaguo la kwanza nilijaza uhandisi wa umeme. Fizikia niliiweka chini kabisa, nusu kwa kuipenda, nusu kwa kuwa fomu ilikuwa bado na nafasi. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wamenipeleka huko huko chini: shahada ya fizikia, Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo. Baba alisoma ujumbe, akanirudishia simu, akauliza, "Ukimaliza hiyo watu watakuita nani?" Aliyesomea uhandisi ni mhandisi, aliyesomea sheria ni wakili. Mimi nilibaki nikitazama sakafu.

Tangu siku hiyo nimechora jedwali nyuma ya kalenda ya duka la mama: miaka minne, mihula minane. Nimeweka elektroniki, elimu ya nyota (nazipenda darubini za redio), Python ya kuprogramu kompyuta, ualimu wa akiba, halafu shahada ya pili ng'ambo. Usiku nikilitazama naona mambo yamekaa sawa. Asubuhi naona sijui hata la kufanya leo. Nina miezi kadhaa kabla ya kuripoti. Nipiganie kuhamia uhandisi au nikae? Na nikikaa, nianzie wapi?

MbogiThikaRoad

Fizikia? Hama kabla hujafungua sanduku. Binamu yangu aliisoma, sasa ana duka la M-Pesa Githurai.

MamaPili

Na duka la M-Pesa lina ubaya gani? Wacheni mtoto ajibiwe.

BudaWaHesabu

Kijana, nimefundisha mazoezi ya mwaka wa kwanza kwa muda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Hilo jedwali lirudishe ukutani liendelee kuwa kalenda. Mwaka wa kwanza karibu kila yuniti umepangiwa: mekanika, umeme na sumaku, mawimbi, joto, maabara, kalkulasi, na zile za chuo kizima ambazo hutaulizwa kama unazitaka. Uchaguzi wenyewe unaanza mwaka wa tatu. Ukifika huko, yule aliyechora jedwali Umoja atakuwa mtu mwingine. Nimeona waliokuja wakiapa kwa nyota wakaishia kwenye paneli za sola, na wa sola wakaishia hospitalini.

Kitu ninachotaka ukishike ni kimoja. Wanaoanguka mwaka wa kwanza hawaangushwi na fizikia. Wanaangushwa na hisabati kuchelewa kufika. Mhadhiri wa mekanika anaingia wiki ya pili na kuandika kasi kama derivativu ya mahali (yaani jinsi mahali panavyobadilika kwa muda), mchapuko kama derivativu ya kasi, anafuta ubao, anaendelea. Mhadhiri wa kalkulasi wiki hiyo bado yuko kwenye limiti. Wakikutana ni wiki ya saba au ya nane, na wewe tayari una CAT (majaribio ya katikati ya muhula) mbili mbovu na umeanza kujiambia kichwa chako si cha fizikia. Kichwa hakina shida. Ni ratiba mbili ambazo hazijawahi kuonana.

Sasa tazama ulichotoka nacho shule. Kalkulasi ilikuja mwishoni mwa kidato cha nne, tena ya x kwa vipeo vyake tu. Unajua derivativu ya x³. Ya sin x je? Ya eˣ? Ya kitu kilicho ndani ya kitu kingine? Hayo hayakuguswa, na ndiyo mkate wa kila siku huko unakoenda. Chukua mfano wa nusu-uhai, muda ambao nusu ya viini vyenye mionzi huoza. Shuleni tulikuwa tunagawa kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka jibu litoke. Chuoni utaandikiwa kwamba idadi ya viini vinavyooza kila sekunde inawiana na idadi iliyobaki, na utatakiwa utoe mwenyewe ile fomula yenye e. Ukiutatua mlinganyo huo mmoja kwa mkono wako, umeshaelewa pia jinsi kapasita inavyoisha chaji na kwa nini chai inapoa haraka mwanzoni kisha polepole. Ni mlinganyo ule ule, umevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo miezi hii: kalkulasi saa mbili kila siku, karatasi na kalamu. Derivativu na intigrali (kinyume cha derivativu) za sin, cos, eˣ na logi asilia. Kisha vekta, namba changamano, na milinganyo tofautishi ile rahisi. Mihadhara ya MIT, chuo cha Marekani, iko bure mtandaoni, tena wanaweka na maswali na majibu. Lakini tahadhari, video hudanganya. Unamtazama mtu akitatua unaona umeelewa. Funga simu utatue lile lile swali peke yako, ndipo utajua.

FundiLuthuli

Hesabu, hesabu, hesabu! Ndiyo maana tunapata wahitimu wa fizikia wanaokuja hapa Luthuli Avenue kwenye maduka ya elektroniki hawajui kushika soldaringi. Juzi mmoja wa mwaka wa nne aliniuliza rezista ya ohm 220 ina rangi gani. Nyekundu, nyekundu, kahawia! Kijana, nunua multimita ya bei ndogo, ubao wa kuchomeka saketi, transista kadhaa, LED. Tengeneza redio ya FM. Ukiunguza kitu umejifunza.

BudaWaHesabu

Fundi, sikukatai. Lakini hakuna aliyefukuzwa chuo kwa kutojua rangi za rezista. Kwa kufeli kalkulasi mara tatu, nawajua kwa majina.

FundiLuthuli

Na hakuna aliyepewa kazi kwa kujua intigrali ya sin.

DadaMionzi

Nyinyi wawili mnavuta kamba moja kila mmoja upande wake, mtoto katikati.

Mdogo wangu, mimi ni mwanafizikia wa tiba. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine ya kutibu saratani kwa mionzi inatoa kile daktari alichoandika. Mgonjwa akiandikiwa gray 2 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, mashine ikizidisha au ikipunguza kwa asilimia 2 au 3, ni mimi natakiwa kujua kabla mgonjwa hajalala mezani. Nahitaji hesabu ya Buda na mikono ya Fundi. Na kuna kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaja: uaminifu kwenye daftari la maabara.

Nitakusimulia. Mwaka wangu wa kwanza, chuo sitakitaja, tulikuwa watu thelathini na saa za kupimia nne. Zoezi lilikuwa pendulamu, kizito kinachobembea kwenye uzi, tutafute g, yaani mchapuko wa mvuto wa dunia. Foleni ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa inakuja na matatu za jioni unazijua. Nikakaa pembeni nikapika namba. Nilianza na jibu, 9.81, nikarudi nyuma hadi kwenye sekunde. Vipimo vitano, vyote safi kama vyombo vya Idi.

Wiki iliyofuata mhadhiri akaniita mezani. Akasema, "Hii g yako ni ya Ulaya. Umeileta kwa ndege?" Nikababaika. Akanieleza taratibu: dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na pia inazunguka, kwa hiyo mvuto wa huku ni mdogo kuliko wa London au Paris. Isitoshe, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipima vizuri hapa unapata kama 9.78. Wenzangu waliopata 9.7 na 9.9 walipewa alama. Mimi nilipewa sifuri pamoja na ile sentensi ya ndege, ambayo sijaisahau hadi leo.

Tangu hapo naandika nilichokiona. Hospitalini sina ruhusa ya kupika.

Ukitaka njia yangu, jua mapema kwamba shahada ya kwanza haitoshi. Unahitaji ya pili ya fizikia ya tiba na mafunzo ndani ya hospitali. Wengi tuliisomea nje. Kuna programu Ghana, na kuna ile ya Trieste, Italia, inayoendeshwa na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, pamoja na chuo kikuu cha mji huo. Kwa sasa lakini, biolojia ya mwili wa binadamu usiitupe tu.

MbogiThikaRoad

"Vyombo vya Idi" 😂 Sawa, nyuzi hii imeanza kunivutia.

MwalimuMstaafu

Kijana wangu, nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi, na nafurahi kuona mtoto anauliza kabla ya kuingia.

Kuhusu ualimu wa akiba: hauhitaji kuusomea sasa, ila unaweza kuupoteza sasa bila kujua. Ili TSC, tume ya walimu, ikusajili kufundisha sekondari unatakiwa uwe na masomo mawili ya kufundishia. Mwenye shahada ya sayansi isiyo ya elimu anaongeza stashahada ya uzamili ya elimu baadaye. Shida wanayoipata wengi ni kwamba walisoma fizikia tupu, hisabati wakachukua kidogo ya kulazimishwa, na wakienda kusajiliwa wanaambiwa somo la pili halina yuniti za kutosha. Kwa hiyo kila mara ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua yuniti ya hisabati. Inakusaidia kwenye fizikia yenyewe, na inakuachia mlango wa darasani wazi. Alama zako za KCSE katika masomo hayo mawili zinatosha.

Na baba mwambie: anayesomea fizikia huitwa mwanafizikia. Neno lipo.

MvukeOlkaria

Habari za jioni. Niko Naivasha, nachangia kidogo halafu nikalale.

Kuhusu uhandisi, tusimdanganye mtoto. Shahada ya fizikia haitakufanya mhandisi mbele ya bodi ya wahandisi. Bodi husajili wenye shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa, basi. Kama ndoto yako ni kuweka sahihi kwenye michoro ya vituo vya umeme, omba kuhama sasa hivi, maana kuhama baada ya mwaka mmoja ni kuanza upya, na uhandisi wenyewe ni miaka mitano. Kama ndoto yako ni kujua vitu vinavyofanyaje kazi, kaa ulipo.

Mimi nilikaa. Leo napima ardhi kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Maji ya moto huko chini huyageuza mawe ya juu yake kuwa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hupitisha umeme vizuri kuliko mawe yaliyouzunguka. Kwa hiyo tunaenda porini na vyuma, nyaya na betri, tunasikiliza jinsi ardhi inavyoitikia mabadiliko ya sumaku ya dunia, tunachora ramani ya chini. Kisima kimoja kikichimbwa pasipofaa ni pesa nyingi imemwagwa kwenye shimo. Mitambo ya kwanza ya Olkaria ilianza kutoa umeme 1981, na hadi leo kazi ya kupima haijaisha. Wenzetu wengi wamepelekwa Aisilandi kusomea mvuke kwa miezi 6, Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi zaidi huko.

Chiromo una bahati moja ambayo wengi hawaioni. Wanajiolojia na watu wa hali ya hewa wako kampasi hiyo hiyo. Nenda ukakae kwenye mihadhara yao hata bila kusajiliwa. Mimi yuniti iliyonipa kazi haikuwa ya fizikia.

Ngomeni_Kwetu

Umetaja darubini za redio mwanangu, nami mpwani siwezi kupita kimya. Huku kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, kuna majukwaa ya kurushia roketi yamesimama baharini, ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti kutoka hapo, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama eksirei za angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel ya fizikia 2002. Neno la Kiswahili liko kwenye vitabu vya nyota vya ulimwengu mzima, na watoto wetu hawaambiwi.

Hili halikusaidii kupanga muhula. Nimelisema tu.

MamaPili

Mie nina swali la mzazi. Pesa. Wangu naye anakwenda mwaka kesho. Laptopu ni lazima siku ya kwanza?

BudaWaHesabu

Si lazima siku ya kwanza, mama. Muhula wa kwanza daftari na simu vinatosha. Ikifika mwaka wa pili atahitaji, kwa sababu ya kuprogramu, na yoyote iliyotumika inayowaka inafaa. Python haihitaji mashine ya kifahari. Mkopo wa masomo wa HELB aombe dirisha likifunguliwa tu, asisubiri wenzake. Kuhusu malazi, wa Chiromo wengi hupanga Ngara. Parklands ni karibu lakini kodi yake itakuliza.

ChiromoMwakaWaTatu

Kama mtu aliye ndani sasa hivi, niongeze mambo ambayo wakubwa wamesahau kwa kuwa wameshazeeka (utani).

Mwaka wa pili ndio mgumu, si wa kwanza. Hapo ndipo fizikia ya kisasa inaingia, na mawazo yako ya kila siku hayakusaidii tena. Mwaka wa tatu kuna mekanika ya kwantumu, na utashangaa: kama matriki na namba changamano umezishika, ni hesabu ya kawaida yenye maana ya ajabu. Kama hujazishika, ni ajabu tupu.

Tafuta watu watatu wa kusoma nao wiki ya kwanza. Wawe watatu hivi, si kumi, kumi ni harambee. Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi, kila mmoja anaeleza swali moja ubaoni bila karatasi mkononi. Usiku wa kuamkia mtihani sikuwa na la kukariri.

Sapu, mtihani wa kurudia ukifeli, si mwisho wa dunia lakini huwa inakaa kwenye karatasi yako ya matokeo. Na hapa ndipo ng'ambo inapoamuliwa. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ina kituo hapa jirani Rwanda na inalipia shahada ya uzamili. ICTP pale Trieste ina diploma ya mwaka mmoja, nayo inalipiwa. Na kule Kigali kuna taasisi dada ya ICTP yenye shahada ya pili ya fizikia. Wote hao wanataka daraja zuri na barua za wahadhiri wanaokujua. Mhadhiri hawezi kumwandikia barua mtu aliyekuwa anakaa kiti cha mwisho akitazama TikTok. Nenda ofisini kwake mara moja kila muhula na swali la kweli. Mara moja inatosha, usimchoshe.

KijanaWaUmoja

Asanteni sana wakubwa. Nimesoma yote mara mbili, nyingine nimemsomea baba. Pale pa Olkaria aliniuliza kama huyo mtu ana gari. Sikujua la kumjibu.

Nimeamua kukaa. Nilijiuliza swali la MvukeOlkaria, kama nataka kuweka sahihi kwenye michoro au kujua vitu vinavyofanyaje kazi, nikaona jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa kidato cha pili, nikifungua redio ya nyanya na kushindwa kuirudisha. Jedwali nimeliacha na safu moja tu: kalkulasi, asubuhi kabla ya kwenda dukani. Fundi, Jumamosi nitapita Luthuli.

Halafu nimefanya jambo moja. Hadithi ya DadaMionzi ilininyima usingizi, nikasema nami nitafute g ya Umoja. Nimefunga kufuli la duka kwenye uzi wa nailoni, nikalining'iniza kwenye mlango. Uzi sentimita 90. Nimehesabu safari 50 za kwenda na kurudi, saa ya simu ikasoma sekunde 96.4. Nimerudia mara tatu, inapishana kidogo sana. Nikiweka kwenye g = 4π²L/T², L ikiwa urefu na T muda wa safari moja, napata 9.56. Sijapika. Lakini 9.78 iko mbali. Umoja mvuto umepungua?

FundiLuthuli

Uzi umevutika?

KijanaWaUmoja

Nimeupima baada ya kutundika kufuli. 90 kamili.

DadaMionzi

Kwanza hongera kwa kuandika 9.56 na kuiacha hivyo. Pili, hiyo 90 umepima kutoka wapi hadi wapi?

KijanaWaUmoja

Kutoka msumari hadi fundo, pale uzi unaposhika kufuli.

DadaMionzi

Na kufuli lenyewe, kutoka fundo hadi chini, lina urefu gani?

KijanaWaUmoja

Ngoja.

Sentimita 4 hivi.

DadaMionzi

Uzito wa kufuli uko wapi, kwenye fundo au katikati yake?

KijanaWaUmoja

😳

Kwa hiyo L ni 92. Nahesabu upya.

9.77.

ChiromoMwakaWaTatu

Hii g haijapanda ndege.

BudaWaHesabu

Sasa andika na kosa la kipimo. Kufuli "sentimita 4 hivi", hiyo "hivi" ni kiasi gani? Na kidole chako kwenye simu huchelewa kiasi gani? Jibu lisilo na "zaidi au pungufu ya" halijakamilika.

KijanaWaUmoja

Nitaandika kesho. Saa hii mama anataka kufuli lake afunge duka.